Kuchanganya sungura hovyo sio kuboresha mbegu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua ni ndogo ila hii mada haielezeki kwa mistari mitatu. Makala yenu ya ufugaji wa sungura imewaambia wasomaji kwamba ukitaka sungura wa nyama wanaokua haraka na kuzaa wengi basi changanya mbegu, mkaishia hapo hapo. Sasa kuchanganya nani hajui? Kila mtu anachanganya. Fungua mabanda ya wafugaji wengi utakuta rangi zote zipo, weupe, madoa, kijivu, masikio yaliyolala, na wote wanaitwa chotara, lakini muulize mwenye banda huyu jike mama yake alikuwa anaachisha kunyonya watoto wangapi, atakuangalia tu. Uchotara una faida kubwa sana, mimi sio mpinzani wake, ila faida yake inategemea nani umemfanya mama na nani umemfanya baba, na inaanza kuvuja siku ile unapompandisha chotara kwa chotara mwenzake. Hapo ndipo makala yenu ilipotakiwa kuanzia.

Tuanze na hili la kurithi maana ndio mzizi. Sio kila sifa ya sungura inarithiwa kwa nguvu ile ile. Wataalamu wa vinasaba wana kipimo chao, kinaanzia 0 kwenda mpaka 1, kinakuambia tofauti unayoiona kati ya mnyama na mnyama ni kiasi gani inatokana na urithi unaoweza kupita kwa watoto. Idadi ya watoto kwa uzao mmoja iko chini kabisa, kama 0.05 mpaka 0.15 hivi. Kasi ya kukua baada ya kuachishwa kunyonya iko kama 0.2 mpaka 0.3. Mambo ya mzoga, yaani nyama unayopata ukishachinja ukilinganisha na uzito aliokuwa nao hai, yanarithiwa vizuri zaidi ya hayo. Tafsiri yake kwa mfugaji ni hii: chukua banda ambalo sungura wanaongezeka kwa wastani gramu 30 kwa siku, wewe ukachagua wazazi wanaoongezeka gramu 36, watoto wao usitegemee 36, ukichukua kipimo cha 0.25 utapata kama 31 na nusu. Mtu akiona hivyo anakata tamaa lakini gramu moja na nusu kila kizazi, na sungura vizazi vyake vinapita haraka, mimba siku 31 tu, sio kitu kidogo hata kidogo.

Kwenye idadi ya watoto hesabu hiyo hiyo inakuwa ngumu zaidi. Jike akizaa 11 mara moja usikimbilie kumpigia debe, inaweza kuwa chakula kilikuwa kizuri, hali ya hewa ilikuwa poa, dume alikuwa na nguvu siku hiyo. Uzao wa kwanza ndio kabisa hautoshi kumhukumu mtu, mara nyingi unakuwa mdogo kuliko unaofuata. Unatakiwa uangalie uzao kadhaa, na usihesabu waliozaliwa tu, hesabu walioachishwa wakiwa hai, kwa sababu jike anayezaa 12 akabaki na 5 amekulisha hasara. Chuo kikuu cha Polytechnic cha Valencia kule Uhispania wana ukoo wa sungura wanaouita V, wameuchagua tangu miaka ya 1980 kwa kigezo hicho hicho cha walioachishwa, na mwendo wa kupanda ni kama kitoto kimoja kwa vizazi kumi hivi. Kumi! Na hao wana kompyuta na rekodi za kila mnyama na mababu zake wote. Kwahiyo mtu anayekuambia ameboresha uzazi wa sungura wake kwa msimu mmoja kwa kuchagua chagua tu, mpe pole.

Sasa kuna mtego mmoja ambao nadhani unawamaliza wafugaji wengi kuliko magonjwa, na sijawahi kuuona umeandikwa kwenye gazeti. Siku ya kuachisha, watoto wana wiki tano, umeshika mzani. Sanduku la kwanza, yaani uzao wa mama mmoja, lina watoto wanne, kila mmoja anasoma karibu gramu 900, wamenona, manyoya yanang'aa, unawashika unahisi nyama mgongoni. Sanduku la pili lina tisa, kila mmoja gramu 650, wamechangamka ila wembamba kidogo. Mfugaji anafanya nini? Anachagua wa kubaki kama mbegu kutoka sanduku la kwanza, bila kufikiri mara mbili, si wakubwa bana. Lakini wale wanne wamenona kwa sababu walikuwa wanne. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, dakika chache tu anaondoka, na maziwa yale yakigawanywa kwa wanne kila mmoja anashiba, yakigawanywa kwa tisa kila mmoja anapata kidogo. Sio vinasaba hivyo, ni nafasi kwenye chuchu. Na ukizidisha, sanduku la kwanza limetoa kilo 3.6, la pili limetoa karibu kilo 5.9. Kwahiyo huyu ndugu yetu kila msimu anabakiza mabinti wa mama wanaozaa wachache akidhani anachagua ukubwa, halafu baada ya muda analalamika mbegu imechoka. Mbegu haijachoka, ameichosha mwenyewe kwa mkono wake. Ukitaka kuchagua wa kukua haraka linganisha ndugu wa sanduku moja wao kwa wao, na angalia wameongezeka kiasi gani baada ya kuachishwa, wakati maziwa ya mama hayapo tena kwenye hesabu. Njia nyingine ni kusawazisha watoto wakiwa bado wachanga, siku moja au mbili, unahamisha kutoka kwa mama mwenye wengi kwenda kwa aliyezaa siku hiyo hiyo mwenye wachache, ila uandike nani katoka wapi la sivyo umevuruga rekodi zote.

Baada ya hapo ndio uje kwenye uchotara. Ukipandisha mbegu mbili zisizo na undugu, watoto wanapata kitu kinaitwa nguvu ya uchotara, yaani wanafanya vizuri kuliko wastani wa wazazi wao wawili. Sababu kubwa ni kwamba kila mbegu safi ina vinasaba vibovu vilivyojificha, ambavyo haviumi mpaka mnyama avipate kwa baba na kwa mama wote wawili, na mbegu mbili tofauti kwa kawaida hazijaficha ubovu ule ule, kwahiyo huyu anamfunika mwenzake. Na hapa kuna jambo zuri sana: nguvu hii inaonekana zaidi kwenye zile sifa ambazo kwa kuchagua zinasogea kwa shida, yaani uzazi, watoto kuishi, mama kulea. Kwenye kasi ya kukua inakuwepo ila ndogo. Kwenye mzoga karibu hakuna. Kwahiyo kuchagua na kuchanganya sio vitu vya kushindanisha, kila kimoja kinafanya kazi pale mwenzake anaposhindwa. Jike chotara mara nyingi anawapita wastani wa mbegu safi kwenye idadi ya watoto kwa asilimia 5 mpaka 20, inategemea mbegu zenyewe, na hiyo ni faida unayoipata kwa kizazi kimoja, wakati kwa kuchagua ungengoja miaka.

Umeona hapo nimesema jike chotara. Sio mtoto chotara. Watu wengi wanadhani faida yote iko kwa yule mtoto anayeenda kuchinjwa, kumbe kubwa zaidi iko kwa mama yake, maana ni mama anayetoa mayai mengi, anayebeba, anayenyonyesha. Ndio maana wenzetu Ufaransa taasisi yao ya utafiti wa kilimo, wakati huo ikiitwa INRA, ilitengeneza koo mbili za mama kila mmoja ukichaguliwa peke yake kwa uzazi, wakazipandisha zikatoa jike chotara, halafu huyo jike chotara anapandwa na dume wa ukoo wa tatu kabisa, aliyechaguliwa kwa kukua na nyama. Watoto wa mwisho wote wanakwenda kuchinjwa, hakuna anayebaki. Jike ana nguvu yote ya uchotara upande wa uzazi na watoto wana nguvu yao yote pia, kwa sababu baba hana undugu na upande wowote wa mama. Hii ndio maana halisi ya haibridi ya sungura, na sio kila chenye madoa.

Sasa linganisha na tunachofanya sisi. Mtu ananunua jike la Flemish Giant, kubwa, kilo sita na zaidi, anampandisha na dume wa kawaida akiamini watoto watafuata mama. Vinasaba watoto wanachukua nusu kwa nusu, kwahiyo kwa upande huo ungeweza kugeuza, dume akawa Flemish na mama akawa New Zealand White wa kilo nne na nusu, watoto wakawa karibu sawa. Tofauti iko kwenye chakula. Dume mmoja anahudumia majike kama kumi, unalisha jitu moja. Ukifanya majitu ndio mama, unalisha majitu kumi mwaka mzima, yawe na mimba yasiwe na mimba. Tena hawa wakubwa miguu yao inaumia haraka kwenye sakafu ya waya, vidonda vya nyayo, na jike mwenye vidonda hata kupandwa hataki. Na jingine, mbegu kubwa mifupa yake ni mikubwa na inachelewa kukomaa, ukimchinja kwenye uzito ule ule wa kilo mbili na ushee unamchinja akiwa bado mtoto, mafuta kidogo sawa, ila nyama ukilinganisha na uzito wake hai inapungua. Kwahiyo jitu liwe baba na lisizidishwe, na usimpeleke kwa vijike vidogo sana, unatafuta matatizo ya kuzaa.

Ile ishu ya kupandisha chotara kwa chotara nayo naomba niielezee kwa rangi kwa sababu rangi inaonekana kwa macho, vinasaba vingine havionekani. Mbegu mbili zinazochanganywa sana duniani kwa nyama ni New Zealand White na Californian, ambazo zote mbili zilitengenezwa Marekani hata kama jina la mojawapo linasema vingine. New Zealand White ni zeruzeru, mweupe kabisa macho mekundu. Californian ni mweupe ila pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi, kinasaba chake kinatoa rangi sehemu za mwili zenye baridi tu, kwahiyo ndio maana iko kwenye ncha ncha. Wapandishe hao wawili, watoto wote wa kwanza wanatoka na hizo alama ila zimefifia, kama mtu amewapaka majivu puani. Hao ni chotara wazuri, nguvu kamili. Sasa wapandishe hao wenyewe kwa wenyewe: kwa wastani robo wanatoka weupe kabisa, nusu wanatoka na majivu, robo wanatoka na alama nyeusi za Californian. Unaona biashara inavyoanzia hapo? Yule mweupe anauzwa kama New Zealand safi, yule mwenye alama anauzwa kama Californian safi, na kwa macho huwezi kupinga. Kumbe kinasaba kimoja cha rangi ndicho kimerudi safi, sungura ana jozi 22 za kromosomu, hizo nyingine zote zimevurugika. Na nguvu ya uchotara kwenye kizazi hicho imeshakatika nusu. Nusu nzima, kwa kupandisha mara moja tu, ni yale yale ya mtu aliyevuna mahindi ya haibridi akarudisha punje shambani. Halafu mnunuzi naye anawachukua hao akiamini ni mbegu mbili tofauti, anawapandisha akitegemea haibridi, haipati, anamlaumu mtengeneza chakula.

Na kwenye kuuza kuna hili la dume mmoja na majike wawili, seti ya kuanzia. Vizuri, ila mara ngapi unakuta hao watatu wametoka sanduku moja? Dume anapandishwa na dada zake. Watoto wa kaka na dada wana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa na nakala mbili za kinasaba kile kile kutoka kwa babu au bibi mmoja, sawa sawa na baba kumpanda binti yake. Wa mama mmoja baba tofauti ni asilimia 12.5. Ubovu uliokuwa umejificha ndio unapotokea hapo: meno yasiyokutana yanayoendelea kurefuka mpaka mnyama hawezi kula, miguu inayotanuka pembeni, jicho linalovimba. Lakini hayo yanaonekana, unachinja unaendelea. Kinachoumiza zaidi ni kile kisichoonekana, mimba zinazopungua, uzao wa watoto watano watano, vifo vya wachanga, na mfugaji anabadilisha dawa wakati tatizo ni ukoo. Niliwahi kuuziwa seti ya namna hiyo, nilivyouliza mababu nikaambiwa wote wazima mbona, kama vile nimeuliza afya zao.

Kuna vituko vingine vya kuchanganya bila kujua ambavyo navitaja haraka. Vile vijisungura vidogo vya mapambo vina kinasaba cha udumavu ambacho kikipatikana kwa pande zote mbili kitoto kinakufa, kwahiyo ukipandisha viwili robo ya watoto unazika, usiviingize kwenye banda la nyama. Wale wa madoa ya aina ya English Spot na Checkered Giant, wakipandishwa wenyewe kwa wenyewe robo wanatoka karibu weupe wote na hao utumbo mpana wao huwa na shida, unavimba. Mafuta ya njano kwenye mzoga nayo, mteja anarudisha akidhani mnyama alikuwa mgonjwa, mara nyingi ni kinasaba cha kujificha tu kinachofanya mwili ushindwe kuivunja rangi ya njano iliyomo kwenye majani, kwahiyo chunguza ukoo wake kabla hujamwita daktari. Na huyu anayetangaza kwamba ana chotara wa sungura wa kufugwa na sungura pori mwenye miguu mirefu wa Afrika, jamani, yule wa kufugwa ana kromosomu 44 na yule wa porini ana 48, ni jamii tofauti kabisa, hawazai. Msimpe nafasi ya tangazo.

Mtu atasema sawa, lakini mimi nina majike manane, siwezi kufuga koo tatu kama Wafaransa. Kweli huwezi na wala huhitaji. Kuna njia ya kubadilisha madume. Unaanza na majike ya mbegu moja, unapandisha na dume wa mbegu ya pili, unabakiza mabinti. Hao mabinti unawapandisha na dume safi wa mbegu ya kwanza, asiye ndugu yao. Mabinti watakaotoka hapo unawarudisha kwa dume wa mbegu ya pili, unaendelea hivyo hivyo, zamu kwa zamu, majike yote yanatoka kwako, kinachonunuliwa ni dume tu na anunuliwe kwa mtu mwenye rekodi. Ukienda hivyo nguvu ya uchotara inatulia kama theluthi mbili ya ile ya mwanzo, na ukitumia mbegu tatu kwa zamu inatulia kama asilimia 86. Hapotei mtu. Sharti ni moja, kila jike awe na namba, sikioni kwa wino au kwa kibati, na daftari liandike baba yake ni mbegu gani ili ujue zamu imefika wapi. Asiyetaka daftari hii kitu haimfai, bora anunue majike chotara tayari, achinje watoto wote, kisha anunue tena.

Na mbegu ya kigeni isiwafanye watu wadharau ya kienyeji kama makala yenu ilivyoonyesha. Sungura mwenye mwili wa nyama kwenye banda lenye joto la zaidi ya nyuzi 30 anakula kidogo, na dume mbegu zake za uzazi zinaharibika kwa wiki kadhaa, kwahiyo zile takwimu nzuri za kwao hazisafiri naye. Misri hawakuchukua V ya Valencia wakaiacha kama ilivyo, waliipandisha na sungura wao wekundu wa Baladi wakatengeneza ukoo unaoitwa APRI, na Saudi Arabia wakafanya hivyo na Gabali wao wa jangwani. Yaani uzazi umetoka upande mmoja na uvumilivu wa joto upande mwingine, halafu wakachagua ndani ya mchanganyiko huo kizazi baada ya kizazi. Hao hao Valencia walishatengeneza ukoo mwingine, LP, kwa kutafuta kwenye mashamba ya kibiashara majike wazee waliokuwa wamezaa si chini ya mara 25 na bado wanazaa vizuri. Kaa ufikirie hilo, jike aliyezaa mara 25! Wengi wetu huyo tungeshamchinja zamani kwa sababu manyoya yameisha, tukabakiza binti wa yule aliyezaa wanne wanene.

Kwahiyo Mhariri, mkirudi tena kwenye mada hii, na najua mtarudi maana inauza, msipige picha ya sungura mkubwa akiwa amebebwa kifuani halafu iwe ndio ushahidi wa mbegu bora. Mwambieni mwandishi wenu amuombe muuzaji daftari lake, aandike kwenye makala mama wa huyo anayeuzwa alizaa mara ngapi, akaachisha wangapi kila mara, baba ni mbegu gani na ametoka wapi, na kama hakuna daftari basi hilo nalo liandikwe.

Msomaji wenu, mfugaji